Mali Bila Daftari: Namna Kompyuta Inavyotunza Neno Lililoandikwa

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya kujadiliwa pendekezo la kuingiza kumbukumbu za shule katika kompyuta.



 Nilipoombwa kuzungumza nilidhani nitatakiwa kueleza maisha ya utumishi wa serikali, jambo ambalo lingetufanya tusinzie sote kabla ya chakula. Kumbe Kamati ilikuwa na neno lake. Katika ajenda ya leo limo pendekezo la kuingiza katika kompyuta daftari la uandikishaji la shule, pamoja na leja ya michango ya chama chetu. Mwenyekiti akaniambia, "Wewe huko kazini unashughulika na kumbukumbu na mitambo hiyo. Tueleze kama tutakuwa salama." Swali lenyewe ni fupi, jibu lake ndilo hotuba yangu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nitaongeza jambo moja tu, na mengine yote yatakuwa ni kulifafanua. Katika kompyuta, kuandika ni jambo moja na kuhifadhiwa ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili ipo safari yenye vituo, na usalama wa safari hiyo unategemea utaratibu: kipi kitangulie, kipi kifuate, na nani athibitishe kwamba kimefika.

Yaliyompata mzee mmoja

Msidhani nazungumzia mambo ya maabara. Katika shughuli zangu nilipata kutumwa kwenye ofisi moja ya wilaya, ambayo sitaitaja jina. Mzee mmoja mstaafu alikuwa amefika hapo kusahihisha kumbukumbu za utumishi wake ili apate mafao. Karani aliingiza maelezo yake, kioo kikaandika "Imehifadhiwa," naye akapewa karatasi yenye namba ya shauri lake. Punde si punde umeme ukakatika. Uliporudi, mtambo haukumjua mzee yule. Tena namba ile ile alipewa mtu aliyefuata kwenye foleni.

Wiki tatu baadaye mzee alirudi kwa basi kuulizia shauri lake, akaambiwa kwamba hakupata kufika. Akaonyesha karatasi, akaambiwa namba hiyo ni ya mtu mwingine. Hebu fikirini, ndugu zangu, mtu wa umri ule kutazamwa kama mwongo mbele ya watu. Kilichomwokoa ni kitabu cha wageni cha mlinzi wa getini, kilichoandikwa kwa kalamu ya wino, chenye jina lake, tarehe na saa. Mzee hakuwa na kosa, na karani naye alisoma tu kile ambacho kioo kilimwambia. Hitilafu ilikuwa katika lile neno "Imehifadhiwa": lilisemwa mapema mno.

Safari ya neno

Programu inapoamuru "andika," maneno hayaendi moja kwa moja kwenye diski. Mfumo endeshi, yaani ule mtambo wa maagizo unaosimamia kompyuta nzima, huyaweka kwanza katika kumbukumbu ya kazi, ambayo huishi kwa umeme tu. Umeme ukizimika, yaliyomo hufutika. Sababu ya kufanya hivyo ni upole wa diski. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika huhitaji zaidi kidogo ya milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na katika muda huo kompyuta huweza kutekeleza maagizo mamilioni. Kungoja kila neno lifike kungefanya kazi zisiende. Kwa hiyo mfumo hukusanya maandishi na kuyapeleka kwa mafungu.

Katika mfumo wa zamani wa Unix, uliobuniwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani, kulikuwa na programu ndogo iliyoshusha maandishi yote yaliyosubiri kila baada ya sekunde 30. Hata Linux ya leo, isipoagizwa vingine, huweza kuyaacha maandishi katika kumbukumbu ya kazi kwa takriban muda huo huo. Nusu dakika ni muda mrefu sana mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa.

Kituo cha pili ni diski yenyewe. Nayo ina kumbukumbu yake ndogo ya muda, na hupokea maandishi ikajibu "tayari" kabla ya kuyaandika mahali pa kudumu. Zaidi ya hayo, hubadili mpangilio wake ili kupunguza mwendo, kama mgawa barua anayepanga barua kwa kufuata mitaa, bila kujali ipi ililetwa kwanza posta. Kwa barua haidhuru. Kwa kumbukumbu, inadhuru sana.

Maandishi matatu kwa mstari mmoja

Tuchukue mfano wa leja yetu. Mwanachama analipa mchango, Mtunza Hazina anaongeza mstari, na faili linahitaji nafasi mpya kwenye diski. Kwa macho yetu hilo ni tendo moja. Kwa diski ni maandishi matatu katika mahali patatu. Kwanza, maneno yenyewe ya mstari. Pili, kadi ya faili, inayotaja ukubwa wa faili na mahali vipande vyake vilipo. Tatu, ramani ya nafasi, inayoonyesha zipi zimeshikwa na zipi zi wazi. Aliyepata kukaa masjala ataelewa upesi: kuna barua, kuna jalada lenye namba za folio, na kuna rejista.

Sasa umeme ukatike katikati. Ikiwa maneno peke yake ndiyo yaliyofika, hakuna anayejua yalipo. Mchango umepotea, lakini mengine yote ni salama. Ikiwa ramani peke yake imefika, nafasi imeandikwa kuwa imeshikwa na haina mwenyewe, kama kitanda cha bwenini chenye jina la mwanafunzi asiyekuwapo. Ikiwa kadi peke yake imefika, inaelekeza mahali ambapo maneno mapya hayajafika. Atakayefungua leja atasoma mabaki ya zamani, pengine siri za mtu mwingine. Na kwa kuwa ramani bado inasema nafasi hiyo i wazi, kesho itapewa faili jingine. Hapo wanafunzi wawili wamegawiwa kitanda kimoja, na sote hapa tunajua mwisho wa mambo hayo.

Lakini lililo baya kuliko yote ni kadi na ramani kufika, maneno yasifike. Kila kitu kinaonekana sawasawa. Mkaguzi akilinganisha kadi na ramani ataona zinapatana, atatia sahihi na kwenda zake. Ndani ya leja mna takataka.

Dawa tatu

Dawa ya kwanza ilikuwa kukagua baada ya ajali. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ted Kowalski wa maabara ya Bell aliandika programu iitwayo fsck, ambayo hupita diski nzima ikilinganisha kadi zote na ramani na kurekebisha pasipopatana. Ilisaidia sana, lakini ilikuwa na upungufu wa namna mbili. Diski zilipokua, ukaguzi ulichukua saa nyingi huku watu wanangoja dirishani. Tena ukaguzi hurudisha mapatano tu. Hauwezi kurudisha maneno ambayo hayakufika kamwe.

Dawa ya pili ilikuwa kushika mpangilio tangu mwanzo. Mfumo wa faili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotoka mwaka 1983 kwa kazi ya Marshall Kirk McKusick na wenzake, ulifuata kanuni ambayo kila karani mzuri anaijua: usielekeze mtu kwenye kitu ambacho hakijawekwa mahali pake. Kadi ya faili jipya iandikwe na ithibitishwe kwanza, ndipo jina liingie katika orodha. Kanuni hiyo ilikuwa njema, lakini kungoja kila hatua kulipunguza mwendo. Mwaka 1994 Greg Ganger na Yale Patt walionyesha kwamba mfumo unaweza kutunza orodha ya "hiki kisitangulie kile" katika kumbukumbu ya kazi, na kuyashusha maandishi kwa zamu ifaayo bila kungoja kila moja.

Dawa ya tatu ndiyo iliyoenea zaidi, nayo ni shajara. Wenye hifadhidata walikuwa wakiitumia tangu zamani. Mwaka 1987 Robert Hagmann wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC alieleza namna alivyoitumia katika mfumo wa faili wa Cedar, na katika Linux ililetwa na Stephen Tweedie katika mfumo wa ext3, ulioingizwa rasmi mwaka 2001. Wanaotumia ext4 leo wanaendelea kuitumia.

Shajara ni sehemu ya diski iliyotengwa. Kabla ya kugusa kadi wala ramani, mfumo huandika humo mambo yote unayokusudia kuyafanya: kadi hii itakuwa hivi, ramani ile itakuwa vile. Kisha hungoja mpaka diski ithibitishe kwamba hayo yamefika. Ndipo unapoandika neno moja la mwisho, ambalo mimi nitaliita muhuri. Muhuri hutoshea katika sekta moja ya diski, na diski hutengenezwa ili sekta moja iandikwe yote au isiandikwe kabisa. Hakuna nusu muhuri. Muhuri ukishathibitishwa, kadi na ramani huandikwa mahali pake halisi, na mwishowe nafasi ya shajara huachiliwa kwa kazi nyingine.

Umeme ukikatika kabla ya muhuri, mfumo ukiamka husoma shajara, huona shauri lisilo na muhuri, na hulitupa. Leja inabaki kama ilivyokuwa. Ukikatika baada ya muhuri, mfumo hurudia kuandika yale yaliyomo. Kama mengine yalikuwa yameshaandikwa haidhuru, kwa sababu kuandika jambo lile lile mahali pale pale mara mbili hakuongezi wala hakupunguzi. Kwa njia hiyo tendo la maandishi matatu limekuwa kweli tendo moja: ama limefanyika lote, ama halikufanyika. Na ukaguzi wa saa nyingi umekuwa wa sekunde chache, maana kinachosomwa ni shajara tu.

Mtauliza, je, maneno yenyewe ya leja nayo huingia katika shajara? Hapo kuna kuchagua. Kuyaingiza yote ni kuandika kila kitu mara mbili, na kazi huwa nzito. Ext3 iliweka njia tatu. Katika ya kwanza, maneno na kadi vyote hupita katika shajara. Katika ya pili, ambayo ndiyo ya kawaida ya ext4, maneno huandikwa kwanza mahali pake, ndipo muhuri wa kadi upigwe. Hivyo kadi mpya haielekezi kwenye takataka. Katika ya tatu, maneno hayangojwi. Mwendo wake ni mzuri, lakini lile ovu nililolitaja, la leja safi yenye takataka ndani, laweza kurudi.

Ipo pia njia nyingine, ya kutofuta kabisa kilichopo. Mfumo wa ZFS, uliobuniwa katika kampuni ya Sun na kutolewa kwa watu wote mwaka 2005, huandika kila badiliko mahali papya, kisha mwishoni kabisa hubadili kielekezi cha shina. Mpaka dakika hiyo nakala ya zamani ipo nzima. Aliyewahi kunakili leja upya kwenye kitabu kingine kabla ya kuchana kile cha zamani ameshaielewa.

Nani anathibitisha?

Ndugu Mwenyekiti, yote hayo yanasimama juu ya neno "ithibitishwe." Nimekwisha sema kwamba diski huweza kujibu "tayari" ilhali maandishi yangali katika kumbukumbu yake ya muda. Kwa hiyo mfumo wa faili lazima utoe amri ya kuishurutisha diski ishushe vyote ilivyo navyo, kabla ya muhuri na baada yake. Pasipo amri hiyo muhuri waweza kutangulia yale unayoyathibitisha, na hapo shajara yenyewe inakuwa shahidi wa uongo.

Kisha upo wajibu wa mwenye kuandika programu. Shajara huilinda diski isivurugike. Haiahidi kwamba neno lako la sekunde hii limefika. Anayetaka ahadi hiyo ni lazima aombe kwa amri inayoitwa fsync, angoje jibu, na alisome jibu lenyewe. Hata hapo kuna tofauti. Katika kompyuta za Apple, maelezo ya mfumo wenyewe yanakiri kwamba fsync hupeleka maandishi hadi kwenye diski bila kuishurutisha diski iyashushe. Anayetaka uhakika hutumia agizo jingine, F_FULLFSYNC.

Jambo hili liliwashangaza wengi mwaka 2009. Watumiaji wa ext4, iliyokuwa mpya, waligundua baada ya kompyuta kuzimika ghafla kwamba baadhi ya mafaili yao yamebaki na urefu wa sifuri. Ext3 ilikuwa na desturi ya kushusha mambo kila sekunde 5, na programu nyingi zikaizoea desturi hiyo kana kwamba ni haki. Ext4 ilichelewa zaidi kabla ya kuyapa maneno nafasi kwenye diski. Theodore Ts'o, msimamizi wake, alieleza kwamba programu zilipaswa kuita fsync. Hata hivyo aliongeza kinga kwa ajili ya zile zinazobadili faili la zamani kwa jipya. Njia sahihi inajulikana: andika faili jipya kwa jina la muda, liite fsync, ndipo ulipe jina la lile la zamani, na mwisho uite fsync kwa orodha ya majina yenyewe.

Msidhani wakubwa hawateleza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, walichunguza programu 11 zinazotumika sana, wakakuta ndani yake mahali 60 ambapo kuzimika ghafla kungeweza kuleta hasara. Na mwaka 2018 ilibainika kwamba PostgreSQL, hifadhidata yenye heshima kubwa, ilikuwa ikishindwa fsync hurudia kuiita. Kumbe katika Linux, baada ya kushindwa mara moja, mfumo waweza kuyahesabu maandishi yale kuwa yameshughulikiwa, na mwito wa pili ukajibu "sawa" ilhali hayakufika. Dawa yake, iliyotolewa mwaka 2019, ni kwamba fsync ikishindwa hifadhidata husimama papo hapo na kuanza upya kwa kusoma shajara yake. Afadhali dirisha lifungwe kwa muda kuliko kumpa mwananchi karatasi ya uongo.

Basi tufanyeje?

Sikuja kuwatisha. Nyaraka za karatasi nazo zina mchwa, mvua na moto, na daftari la shule hii lina kurasa ambazo hazisomeki tena. Mimi naunga mkono pendekezo, ila kwa masharti.

Kwanza, tutumie hifadhidata inayojulikana, iliyojengwa kwa shajara, na programu yetu isiandike "Imehifadhiwa" wala kutoa risiti mpaka hifadhidata ithibitishe. Pili, inunuliwe betri ya dharura, ile tunayoiita UPS, ili mtambo uzimwe kwa utaratibu. Tatu, kabla ya kupokea hata shilingi moja, lifanyike jaribio: fundi aingize michango ya majaribio, Katibu aandike kwenye karatasi kila namba ya risiti inayotoka, kisha katikati ya kazi mmoja wetu achomoe waya ukutani, si mara moja bali mara nyingi, betri ikiwa haipo. Mtambo ukiwashwa, kila namba iliyoko kwenye karatasi ya Katibu lazima ionekane. Ikikosekana moja, fundi arudi kazini.

Nne, tukumbuke kwamba fsync haizuii mwizi wala moto. Nakala itolewe kila juma na itunzwe mbali na hapa. Tano, kitabu cha wino kiendelee kuandikwa sambamba kwa mwaka mmoja, kisha vitabu viwili vilinganishwe mbele ya mkutano kama huu.

Ndugu zangu, katika daftari lile la uandikishaji yamo majina yetu sote, na ya wenzetu ambao hatunao tena. Wapo ambao cheti chao kiliungua au kiliibwa, na mstari ule mmoja ndio ushahidi uliobaki duniani kwamba walisoma hapa. Siku mmoja wao au mwanawe atakapofika ofisini kuuliza, akute jina lake lipo. Huo ndio usalama ambao Mwenyekiti aliniuliza, na kwa masharti hayo matano nasema unapatikana.

 Udumu umoja wetu, na idumu shule yetu.